Mwasumini wa mama unanifia ukumbini

Shikamoo Bi Bustani,

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, nimeolewa Mjini Unguja, nakaa Mkunazini ghorofa ya pili pamoja na wakwe zangu. Nina jambo ambalo nikilisema mbele ya watu wananicheka, ndiyo nikaona nikuandikie wewe.

Siku niliyotoka kwetu, mama alinikatia kijiti cha mwasumini wake, ule ulioko mlangoni petu tangu sijazaliwa. Akakifunga kitambaa kibichi, akakitia kikapuni pamoja na halua. Nilivuka nacho kutoka Mkoani nimekipakata kama mtoto. Hiyo ni miaka minne sasa. Nilikipanda kwenye kopo la samli, nikakiweka juu ya paa tunakoanikia nguo, na wallahi kilishika. Mwaka wa pili nikawa nachuma asumini kila alasiri, natunga, nyengine naziweka kwenye mito. Mama mkwe akenda harusini na kikuba chake watu wanamuuliza kanunua wapi.

Mwishoni mwa mwaka jana mume wangu alitengeneza ukumbi. Makochi mapya, mapazia, kiyoyozi. Akasema mwasumini nao uteremke, ukae ndani, upambe. Akaununulia chungu cheupe, kikubwa, kinang'aa kama bakuli la kaure. Hakina tundu, ili maji yasichafue zulia. Mimi nikatia kokoto chini, udongo juu, nikauhamisha, nikauweka pembeni baina ya kochi na ukuta.

Tangu hapo mmea haukupata afya. Kwanza majani ya chini yakawa manjano, ukiyagusa tu yanadondoka. Nikaona una kiu, nikazidisha maji. Hali ikawa mbaya zaidi. Mwezi huu matawi mawili yamekauka ncha, majani yaliyobaki yamelala kama mchicha wa jana, na udongo ukiuinamia una harufu kama ya ngalawa iliyokaa na maji ya mvua. Kwenye viungo vya matawi kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka foleni. Ukuta wa nyuma yake ni wa kizamani, chokaa inabanduka, kila nikifagia nakuta vumbi jeupe juu ya udongo.

Kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe anatia chicha na majani ya chai, anasema ndiyo mbolea. Mume akirudi kazini anaumwagia gilasi nzima. Wifi yangu kasema mbele ya wageni kuwa hii ni husda, mmea umepigwa jicho, niufukizie ubani. Nimefukiza. Ukumbi umenukia, mmea uko vile vile.

Mama anakuja masika yakisha. Kila akipiga simu huniuliza, "Asumini zinachanua?" nami husema zinachanua. Uongo huo umenikaa kooni. Ninunue mwengine nimwambie ndio huu? Au kuna la kufanya?

Mwanao,
Mwenye Kijiti, Mkunazini

*

Marahaba, mwanangu.

Usinunue mwengine. Mtu aliyeishi na mwasumini mlangoni pake tangu wewe hujazaliwa ataujua wa kununua kabla hajavua viatu, nawe utakuwa na uongo wa pili wa kuulea.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu maji. Wewe unatia, mumeo anatia, mama mkwe anatia majani ya chai ambayo nayo hayaji makavu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chenyewe hiki hakina hata tundu la kutolea maji. Mwasumini wako hauna kiu. Unazama.

Najua utaniuliza, mbona majani yamelegea kama mmea wenye kiu? Hapo ndipo watu wengi wanapoua miti yao kwa mapenzi. Mizizi haili maji tu, inavuta pia hewa iliyomo baina ya chembe za udongo. Udongo ukijaa maji wiki baada ya wiki, hewa hutoka, mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza. Mzizi uliooza haunywi. Mmea unakaa umezungukwa na maji na hauwezi kuyapandisha, basi majani yanalegea sawasawa na ya mmea uliosahauliwa juani. Mwenyewe anaona kiu, anaongeza maji. Alama ya kukutofautishia ni udongo: majani yakilegea na udongo mkavu, tia maji; yakilegea na udongo umelowa, weka kopo chini.

Kuhusu wifi yako sibishani. Jicho lipo, na kumsomea mtu au mti Kul-audhu hakudhuru. Lakini jicho halinuki, mwanangu, na udongo wako unanuka.

Na kokoto ulizozitia chini, nazo hazikukusaidia, ingawa karibu kila mtu hufanya hivyo. Maji hayateremki kutoka kwenye udongo kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo ulichofanya ni kuyapandisha maji juu zaidi, karibu na mizizi, na chini yake ukaweka kisima kisichokauka. Kokoto hazifanyi kazi ya tundu.

Sasa kabla ya yote, chukua ukucha wako ukwaruze kidogo gamba la shina, karibu na udongo. Ukiona kijani kibichi chini ya gamba, mti ni mzima, tuendelee. Ukiona kahawia na pakavu, panda juu zaidi ukwaruze tena. Kwa jinsi ulivyoeleza, matawi mawili tu ndiyo yaliyokauka ncha, naamini kijani utakiona.

Alasiri jua likipungua, ubebeni nyinyi wawili mpaka juu kwenye paa, utandike gunia, ulaze chungu ubavu na uutoe mti pole pole na udongo wake. Usiuvute kwa shina. Udongo ukigoma, pitisha kisu pembeni. Ukishatoka, bomoa udongo kwa vidole, kisha uoshe mizizi kwa maji yasiyo na nguvu ili uione vizuri. Mizizi mizima ni myeupe au ina rangi ya tui zito, ukiibana inakataa. Iliyooza ni kahawia nyeusi, inateleza, na ukiivuta gamba la nje linakubakia mkononi kama soksi, ndani imebaki nyuzi. Hiyo ndiyo inayotoa harufu. Ikate yote mpaka ufike penye uzima, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, na usimwonee huruma mzizi mbovu eti kwa kuwa ni mnene. Mimi nimeshawahi kubakisha theluthi tu ya mizizi na mti ukasimama.

Ukikata chini, kata na juu. Mizizi michache haiwezi kulisha majani mengi. Ondoa matawi makavu yote, kisha yaliyobaki punguza kama theluthi moja, ukikata juu kidogo ya kifundo chenye majani. Utaona unauharibu. Huuharibu, asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hivyo kila unapokata ndipo utakapochuma. Vijiti vizuri unavyovikata usivitupe, nitavirudia.

Chungu sasa. Lile kopo la samli bado unalo? Kama unalo, lirudishe kazini. Mti uliopungua mizizi hautaki jumba kubwa, unataka chumba kinachomtosha, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hushika maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Toboa matundu matano au sita chini yake kwa msumari, ufunike kila tundu kwa kigae ili udongo usimwagike, na uliinue kwenye vipande viwili vya tofali ili maji yapate pa kwendea. Chungu cheupe cha mumeo, kama ni cha plastiki, kitoboe kwa msumari wa moto utakitumia mwakani mti ukinenepa. Kama ni cha udongo wa kuchoma, mpe fundi mwenye keekee ya kutobolea vigae. Na kama mumeo hataki kitobolewe, kikae ukumbini kitiwe miavuli.

Udongo usiuchote pale mlangoni Mjini, umejaa vifusi na chokaa. Tafuta mtu akuletee wa shamba, wa upande wa Kizimbani au Dole, ule mwekundu mzito. Changanya vikombe viwili vya udongo huo, kimoja cha nyuzi za makumbi, na kimoja cha samadi iliyooza mpaka haina tena harufu ya samadi. Hapa nina tahadhari mbili. Mchanga wa pwani usiutie hata ukiambiwa umeoshwa na mvua, una chumvi na magamba ya chaza. Na makumbi yawe yale makavu ya jikoni kwako. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekaa miezi kwenye maji ya bahari, na mwasumini haupendi chumvi.

Chumvi naijua, imenitia aibu. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mwaridi mmoja niliokuwa nikiringa nao, nikawa naumwagilia maji ya kisima cha jirani kwa kuwa mfereji ulikuwa hautoi. Maji yenyewe yalikuwa na ukakasi kidogo tu, chai tulikuwa tunainywa. Kingo za majani zikaanza kukauka kahawia, mdomo wa chungu ukafanya ukungu mweupe, mimi nikadhani ni baridi ya kipupwe. Mpaka nilipoonja ule weupe kwa ncha ya ulimi, mwaridi ulikuwa umekwisha. Maji ya kunywa mtu na maji ya kunywa mti uliofungwa kwenye chungu si mamoja, maana kwenye chungu chumvi haina pa kwenda, inajilundika kila siku. Nawe una bahati, ni masika: tega ndoo juu ya paa, jaza madumu, ufunike vizuri mbu wasizalie. Hayo ndiyo maji yake.

Vumbi la chokaa ulilolitaja nalo lina neno, ingawa si kubwa kama la maji. Chokaa ikizidi kwenye udongo, mti hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo, na majani machanga hutoka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kwa udongo mpya na kukaa mbali na ukuta, jambo hilo litakwisha lenyewe.

Ukishapanda, tia maji mara moja mpaka yatoke chini, kisha uuache. Siku saba mpaka kumi za mwanzo ukae juu kwenye kivuli chenye mwanga, chini ya bati au kibaraza, usipigwe na mvua ya masika moja kwa moja wala jua la saa saba. Mbolea hakuna, mpaka uone chipukizi. Kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza ni kumtesa.

Baada ya hapo ni kidole. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu na chembe za udongo zimeganda, ondoka. Kikitoka kikavu, tia maji mpaka yatiririke chini, na kama umeweka sahani uimwage. Usiniulize ni mara ngapi kwa wiki, maana mvua ikinyesha siku tatu jibu ni hata mara moja, na jua la Februari jibu ni kila siku.

Na kidole kiwe kimoja, chako. Hili ndilo gumu kuliko kukata mizizi, nalijua, kwa kuwa huwezi kumwambia mama mkwe aache. Basi usimwambie aache, mpe kazi nyengine. Mwombe chicha akitie kwenye ndoo yake peke yake, na majani makavu na maganda ya ndizi, afunike, ageuze kila wiki. Kikishakuwa cheusi na kinanukia msitu, hiyo ndiyo mbolea, na mti ukishachipua yeye ndiye atakayeutilia mikono miwili. Chicha kibichi kwenye chungu kinachacha, kinakusanya sisimizi, na kinakaa na maji. Mwambie Bi Bustani kasema, lawama nitazibeba mimi. Mumeo yeye ni mwepesi, mpe madumu ya maji ya mvua ayapandishe.

Ile pamba nyeupe ni vidung'ata. Wanafyonza maji ya mti na kutoa utomvu mtamu, na sisimizi wanaufuata huo utamu, tena wanawalinda vidung'ata wao kama mchungaji na ng'ombe wake. Chukua pamba ya hospitali, ichovye kwenye spiriti, ufute kila kiungo, hasa makwapani mwa majani. Kisha jioni pulizia maji yenye sabuni ya maji, kijiko kidogo kwa lita moja, na uhakikishe umefika chini ya majani. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, inaunguza. Rudia baada ya siku sita, na tena baada ya sita, maana mayai hayafi yote mara moja. Kama una mwarobaini karibu, twanga majani, uloweke usiku kucha, uchuje, utumie badala yake. Ni chungu, ni bure, na nyumba haitanuka spiriti.

Nimebakisha swali la ukumbi, na hapa mumeo atanichukia. Asumini si ua la ukumbini. Asili yake ni Bara Hindi, Wafilipino wamelifanya ua la taifa lao tangu 1934, na kote huko limezoea jua na mvua ya juu kwa juu kama hapa kwetu. Linataka jua lenyewe saa sita kwa siku au karibu yake, wala si mwanga wa kuchungulia baina ya mapazia. Pima hivi: saa nne asubuhi nyoosha mkono mahali mti unapokaa. Kivuli cha vidole kikionekana vidole, pana jua. Kikiwa wingu tu, hapo pafaa picha ya ukutani.

Ndani ya Mji Mkongwe, na njia zetu nyembamba zile, ni madirisha machache yanayopata jua hilo. Kama lazima ukae ndani, basi kujua upande ni muhimu, na watu wanakosea hapo. Sisi tuko kama digrii 6 kusini ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, halafu linahamia kusini. Ukitaka kukumbuka, linakwenda kinyume na pepo: kusi kikivuma, jua liko kaskazini, kaskazi ikivuma, jua liko kusini. Dirisha lililokuwa na jua ulipouteremsha mti mwishoni mwa mwaka, sasa hivi huenda halina kabisa. Mimi ningeuacha juu kwenye kamba za nguo ulikokuwa na raha zako, ukaletwa ukumbini siku ya wageni, ukarudishwa asubuhi. Kopo la samli ndani ya chungu cheupe, hakuna atakayejua. Na kiyoyozi kisiupulize.

Mama yako sasa. Hesabu yangu ni hii. Ukifanya kazi hiyo wiki hii, chipukizi la kwanza unaweza kuliona baada ya wiki tatu mpaka sita, dogo, jekundu jekundu au kijani hafifu, kwenye kifundo cha chini ya ulipokata. Kabla ya hapo mti utaonekana umekufa, na kila mtu nyumbani atakwambia umekufa. Usiuguse, kwaruza tu kwa ukucha ukiwa na wasiwasi. Maua usiyategemee masika yakisha, kwa kuwa kipupwe kitakuwa kimeingia na asumini wanapenda joto. Kwa hivyo mama atakuta kijiti chenye majani mawili matatu kwenye kopo la samli.

Vile vijiti ulivyokata, chagua vilivyokomaa kidogo, si laini wala si mti mkavu, urefu wa kidole na nusu. Kata chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, bakisha mawili ya juu, vichomeke kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na nyuzi za makumbi, uvifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa nusu. Weka kivulini. Vikishika, ni wiki nne mpaka sita. Tia vitano au sita, vingine vitaoza, mti uliodhoofika hautoi vijiti vyote vizuri. Ndiyo maana nataka uwe na akiba nyengine.

Mpigie mama leo usiku, kabla hajakupigia. Mwambie zilichanua miaka miwili, na mwaka huu mmeuteremsha ndani na umeugua. Atakucheka kwanza, najua, kisha ataanza kukupa maelekezo, na mengi yatakuwa kama haya yangu. Umwombe akija akukatie vijiti vingine vitatu kutoka pale mlangoni, alfajiri ya siku ya safari, avifunge kitambaa kibichi kama alivyofanya ile mara ya kwanza, na asiviweke karibu na dirisha la boti upepo ukavikausha. Lile kopo, na la pili kama lipo, uwe umeshayatoboa kabla hajafika.